Familia mnaonunua timu, someni hii kabla dirisha la usajili halijafunguliwa

Tangu ujenzi wa uwanja wa AFCON 2027 uanze pale Olmoti, Arusha imeamka na mpira kweli, na sio kushabikia tu, watu wananunua timu. Baba ana malori, mama ana lodge Njiro, watoto wamemaliza chuo, basi wanakaa sebuleni wanakubaliana wachukue timu iliyochoka ya First League, ligi ya ngazi ya tatu, wabadilishe jina, wapande Championship halafu Ligi Kuu. Nawapenda sana watu wa namna hii, sisi wenyewe hapa Moshi tulianza hivyohivyo, na mpira wa mikoani ukitoa timu za majeshi na za halmashauri unabebwa na familia kama hizi. Lakini kila dirisha kubwa likikaribia simu yangu haipumziki, na mambo ninayoulizwa ni yaleyale, yaani mtu anafanya kosa ambalo wa mwaka jana alilifanya na wa mwaka juzi alilifanya, mpaka nimeona niandike mara moja. Ukinipigia nitakutumia hii, usome, ndo tuongee.

Mfumo wa FIFA wa uhamisho wa wachezaji (TMS) unaendaje na nani anakaa kikao cha kabla ya mechi (pre-match) sitaeleza, hayo mnayajua au mna katibu anayeyajua. Kama hamna katibu acheni kusoma mkatafute katibu kwanza.

1. Akaunti ya timu. Iwe ya benki, iwe ya timu, watia saini wawili na mmoja wao asiwe ndugu yenu. Timu haiendeshwi kwa M-Pesa ya mama. Nina familia moja naifahamu, wachezaji walikuwa wanalipwa kutoka kwenye droo ya duka la vifaa vya ujenzi, dizeli ya Koster inatoka kwenye droo hiyohiyo, na hela ya viingilio inarudi humohumo, mwisho wa msimu hakuna aliyejua kama timu imekula duka au duka limekula timu, ndugu wakagombana mpaka kwenye msiba hawakukaa pamoja. Na msiniambie "mbona Bakhresa ni familia". Ndiyo ni familia, na timu yao, Azam FC, ilianza 2004 ikiitwa Mzizima, ikapanda Ligi Kuu 2008, ikachukua ubingwa 2013/14 bila kupoteza mechi hata moja. Watu wakiitazama wanaona hela tu. Mimi nikienda kwao Chamazi naona ofisi. Kuna mtendaji mkuu, kuna mtu wa fedha, kuna uwanja wao wenyewe, na mwenye mali haonekani akigawa posho kwenye korido.

Tena hata ukubwa wa familia haukulindi kama vitabu havijakaa sawa. Juventus ya Italia iko mikononi mwa familia ya Agnelli tangu 1923, miaka mia, na bado Novemba 2022 bodi nzima ilijiuzulu kwa sababu ya mambo ya mahesabu, Andrea Agnelli mwenyewe akiwa rais, na Mei 2023 wakakatwa pointi 10. Sasa wewe wa Sakina mwenye daftari la kaunta unadhani wewe utaponaje.

2. Safari za ugenini mzipigie hesabu kabla ya kusajili hata mtu mmoja. Championship ina timu 16, maana yake mechi 30, na 15 ni za ugenini, na sisi huku kaskazini hatuko karibu na mtu. Kutoka Moshi mpaka Songea ni zaidi ya kilomita 1,000. Wageni wanapiga hesabu ya dizeli wanasahau kwamba dereva hawezi kuendesha usiku kucha, wanasahau vijana lazima walale njiani, wale chakula cha maana, wafike angalau siku moja kabla ya mechi. Kuna timu ilipeleka vijana Musoma wakala chapati na soda njia nzima, wakashuka kwenye gari saa sita mchana mechi saa kumi. Walipigwa tatu, na mwenye timu akamfukuza kocha. Kocha amekosa nini hapo jamani? Mwenye timu alitakiwa aangalie ile Koster.

3. Mshahara. Hapa nitakaa, naomba mnivumilie.

Kuna msimu timu yetu ya familia ilikuwa Championship nafasi ya tatu, mechi za mchujo wa kupanda (play-off) ziko mkononi na zile nafasi mbili za kupanda moja kwa moja tunaziona kwa macho. Tulikuwa na kipa kijana wa Tanga, mpole, uwanjani anaongea na mabeki wake dakika zote 90, nje ya uwanja humsikii. Shida yetu ilikuwa magoli. Dirisha dogo likafunguka. Jumapili baada ya ibada tukakutana nyumbani kwa mzee, yaani baba yetu, kule Machame: mzee mwenyewe, mama, kaka zangu, baba mdogo, na mimi katibu wa klabu. Ajenda moja: kuna straika kakosa namba Ligi Kuu, anataka pesa ya usajili mkononi, kesho anasaini, asipopewa anaenda kwa wapinzani wetu. Mzee akaniuliza, binti yangu, hela ipo? Nikasema ipo. Ilikuwepo kweli, ila ilikuwa ya mishahara ya mwezi ule, na mimi ndo niliyekuwa naandika zile hesabu, nilijua ni ya nini na sikusema. Nilitaka tupande. Mama peke yake ndo aliuliza, na hao vijana watakula nini? Kaka mkubwa akamjibu, mama hawa ni watoto wetu, wataelewa, ligi ikiisha tunawalipa yote. Nikanyamaza tena.

Straika akaja, akafunga, simlaumu kwa lolote. Mwezi ukapita bila mshahara, wa pili ukapita. Kipa akaenda dukani Mbuyuni kumuona mzee. Mzee wangu ana roho nzuri na nasema hivi bila kumtetea, alimpa mfuko wa mchele na elfu hamsini, akamwambia mwanangu vumilia kidogo, na jioni nyumbani alikuwa na furaha kabisa kwamba amemhudumia kijana wake. Kijana alishukuru kwa mikono miwili. Alikuwa na mke mjamzito kwenye chumba cha kupanga Pasua, na mwenye nyumba hapokei mchele.

Mwezi wa tatu ulipoanza ikaja barua. Imeandikwa vizuri, ya heshima, inasema anadai mishahara miwili, anaipa klabu siku 15 imlipe, isipolipa atahesabu mkataba umevunjika kwa sababu halali. Kwa mliopo kwenye hii kazi muikariri hiyo barua, msingi wake ni kifungu cha 14bis cha kanuni za FIFA za hadhi na uhamisho wa wachezaji, kilianza kutumika Juni 2018: mishahara miwili ya mwezi ambayo muda wake umepita, notisi ya maandishi ya siku 15, klabu isipolipa mchezaji yuko huru na anadai fidia juu yake. Mimi nilikuwa nakijua hicho kifungu. Nilikuwa nimekisoma. Nilivyompelekea mzee barua akaumia sana, akasema huyu si alikula hapa Krismasi? Na mimi badala ya kumwambia mzee wangu, tunadaiwa, tuna siku 15, tuuze kitu, nikaiweka ile barua kwenye droo na nikampigia kijana simu nikamgombeza. Nikamwambia umekula kwetu, umelala kwetu, leo unatuandikia barua kama polisi. Alinyamaza, akasema sawa dada. Basi. Sikumsikia tena.

Siku ya 16 hakuja mazoezini. Shauri likaenda kwenye kamati ya shirikisho la soka nchini, TFF, inayohusika na sheria na hadhi za wachezaji, na utetezi niliuandika mimi. Niliandika kila kitu tulichomfanyia, mchele, elfu hamsini, nauli ya mke wake kwenda Tanga, hospitali tuliyomlipia alivyoumia bega. Ukurasa mzima. Wakauliza kitu kimoja tu, uthibitisho wa malipo ya mishahara uko wapi. Hatukuwa nao. Tukatakiwa tulipe malimbikizo na fidia, na tukafungiwa kusajili mpaka tulipe. Mechi zilizobaki tulimaliza na kipa wa timu ya vijana, ana kipaji lakini ni mtoto, anatetemeka kwenye kona, na lango ambalo lilikuwa limefungwa msimu mzima likawa wazi. Play-off hatukufika. Mzee akauza kiwanja cha Himo kulipa deni, kiwanja ambacho alikuwa amesema ni cha mdogo wangu wa mwisho.

Baadaye sana nilikutana na yule kijana, nikamwomba msamaha. Hakunitukana. Akaniambia, dada, ile mechi ya Musoma mke wangu alipiga tukiwa tunavaa viatu, mwenye nyumba ametoa vitu nje. Ile mechi alidaka penati. Tulishinda moja bila, sisi kwenye gari tulikuwa tunaimba, na picha yake tuliiweka kwenye ukurasa wa timu na maneno makubwa kwamba familia yetu ni moja. Mke wake alikuwa amekaa nje na godoro.

Kwa hiyo mkinipigia mkaniambia "dada tunampata straika fulani, mishahara tutaipanga mbele ya safari", mjue kwanini nakuwa mkali. Sio dharau. Mishahara inatoka kwanza, kabla ya usajili, kabla ya basi la kupaka rangi, kabla ya jezi mpya, na kila mchezaji anasaini karatasi ya malipo hata kama umemlipa kwa simu. Kikosi mnachoweza kukilipa bila mdhamini ndo kikosi chenu. Kama ni watu 22 basi ni 22. Ukimpa mchezaji mchele umpe kwa upendo wako na usiuandike popote. Na kama ni mchezaji wa kigeni, hilo deni linaenda FIFA, na FIFA wakishaamua, mwenye kudai akikupa namba ya akaunti una siku 45, usipolipa unafungiwa kusajili hata kwa madirisha matatu mfululizo. Barua ya mchezaji ikija, siku hiyohiyo imsomee mwenye hela, isome kwa sauti, na umwambie tarehe ya mwisho ni lini.

4. Vijana waandikisheni. Kila mtoto anayecheza kwenu asajiliwe kwenye mfumo wa FIFA Connect kila msimu, hata wa miaka 12. Mchezaji akiuzwa nje ya nchi kabla mkataba haujaisha, asilimia 5 ya ada inagawanywa kwa klabu zilizomlea kuanzia msimu aliotimiza miaka 12 mpaka 23, na tangu Novemba 2022 malipo hayo yanapitia chombo cha FIFA kinachoangalia pasipoti ya kielektroniki ya mchezaji, yaani kumbukumbu ya klabu alizosajiliwa. Mbwana Samatta alipotoka Genk kwenda Aston Villa Januari 2020, klabu zilizomlea akiwa kijana zilistahili fungu lake, hata kama alikuwa ameshaondoka kwao miaka mingi. Sasa mna vipaji Unga Limited, Ngarenaro, Majengo, Njoro, mnawalisha, mnawanunulia viatu, halafu jina lenu halipo popote kwenye karatasi. Inaniuma sana hii. Mmoja akipatikana tu, analipa mishahara ya msimu.

5. Mtaalamu, yaani mganga. Atakuja. Ataletwa na mtu mnayemheshimu, shemeji au mzee wa kanisa kabisa, atasema kuna kamati ya ufundi ya pembeni inahitaji hela kidogo. Mkitoa mara moja mtatoa msimu mzima, kwa sababu mkishinda ni yeye na mkifungwa ni kwamba mlipunguza. Halafu mtaambiwa timu isiingie kwa geti kubwa, isivae chumbani, ipite nyuma, na kamishna wa mechi anaandika kila kitu, Bodi ya Ligi imeshapiga faini timu nyingi kwa kupita mlango usio rasmi na kutotumia vyumba vya kuvalia. Hiyo hela mnunulie daktari wa timu barafu na bandeji, nimeona daktari anaomba bandeji kwa wapinzani.

6. Ambulensi, polisi, jezi za rangi ya pili, leseni za wachezaji: muwe navyo vyote jioni kabla ya mechi.

7. Ndugu. Kocha mkishamwajiri muacheni afanye kazi. Baba haendi kukaa benchi. Kaka hampigii kocha simu mapumziko. Na mtoto wa shangazi akija majaribio aje na wenzake, avae bipu, ile fulana ya mazoezi, kama wenzake, akikosa aambiwe na kocha, sio na nyie. Kwetu ilikuwa ngumu kuliko yote maana binamu yetu alikuwa mzuri kidogo, angekuwa mbovu ingekuwa rahisi. Alikuwa anaingia dakika ya 80 kila mechi, na wachezaji walikuwa wameshajua kwamba dakika ya 80 tunacheza na mtu wa nyumbani, wanampa pasi kwa adabu. Kocha hakusema kitu mpaka anaondoka. Siku anaaga akaniambia taratibu, katibu, yule kijana mngemuacha angepigania namba yake mwenyewe. Alipelekwa kwa mkopo timu nyingine ambako hawamjui baba yake, akakaa nje nusu msimu kisha akaanza, leo ni beki wa kulia wa kuaminika na kapata namba yake bila ndugu. Shangazi alinuna muda mrefu. Siku hizi ananitumia picha za mechi zake.

Upande wa mashemeji na wakwe sina ushauri zaidi ya kwamba tiketi za bure ziwe na idadi.

8. Hela ya mlangoni na ya TV. Mkataba wa Azam Media wa 2021, miaka 10, zaidi ya bilioni 225, ni wa Ligi Kuu. Msiuweke kwenye bajeti ya Championship, na msiuweke kwenye bajeti ya "tukipanda" mkakopea. Vilevile viingilio. Polisi Tanzania walivyokuwa Ligi Kuu kuanzia 2019 mpaka waliposhuka 2023, Ushirika, uwanja wa hapa Moshi, ilikuwa inajaa Simba au Yanga wakija, watu wanatoka Marangu, Rombo, Arusha, boda hazitoshi. Jumatano yenye mvua ukicheza na timu isiyo na jina unahesabu watu kwa macho. Sheikh Amri Abeid ya Arusha na Ushirika zote sio za kwenu, mwenye uwanja ana chake, kwa hiyo mnachobaki nacho ni kidogo. Timu ya familia ya mkoani inaishi kwa wadhamini wadogo wadogo wa hapahapa, mwenye gereji, mwenye shule, mwenye kiwanda cha maji, na hao hawakai kama hamuwapelekei ripoti. Pelekeni ripoti kila mwezi, ukurasa mmoja, na picha mbili. Mdhamini wetu aliyekaa muda mrefu kuliko wote alikaa kwa sababu hiyo, alituambia wengine wote waliowahi kuchukua hela yake walirudi tu walipotaka nyingine.

Uwanja wa Olmoti utachukua watu 30,000, na natamani timu ya kwanza ya nyumbani kuujaza iwe ya moja ya hizi familia zinazonipigia simu. Natamani kwa dhati. Ndo maana nawasumbua.

9. Mtunza vifaa, dereva, mama anayepika kambini. Hawa mishahara yao inaingia siku moja na ya straika, saa moja na ya straika. Kwenye timu nyingi ninazozifahamu wao wanasubiri "kitakachobaki", na ndo watu wanaojua nani anaumwa anaficha, nani hajala, nani ameanza kulewa, kwa sababu mchezaji hamwambii katibu wala kocha, anamwambia anayemfulia jezi. Yule mtunza vifaa wetu alijua habari za kipa wiki nyingi kabla ya ile barua. Hakuna aliyemuuliza, na yeye mwenyewe alikuwa hajalipwa. Sasa hivi kila Jumatatu asubuhi nakaa naye stoo tunahesabu mipira na soksi, na nikimaliza kuhesabu namuuliza vijana wanaendeleaje, halafu namuacha aongee.